Barua pepe ikifutwa kimakosa, zima data kwanza

Mhariri,

Kila Juni 30 inapokaribia, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za ushuru, maduka ya saiba hapa Nakuru na kule Kisumu hujaa watu wanaotafuta barua pepe ambayo jana walikuwa nayo na leo hawaioni. Baadhi huambiwa kwamba ikishafutwa imekwenda. Wengine huuziwa programu ya kufufua faili. Majibu yote mawili si sahihi, na yanatuuma, kwa sababu barua nyingi haziangamii zinapofutwa. Huangamia kwa yale yanayofanywa katika saa moja inayofuata.

Akaunti iliyofunguliwa kwenye simu mbili na kompyuta moja si akaunti tatu. Barua zenyewe zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotoa huduma ya barua pepe, na kila kifaa kinaonyesha kilichoko huko. Mtindo huu unaitwa IMAP, na karibu kila mtu anautumia siku hizi hata kama hajawahi kusikia jina lake. Katibu wa chama akifuta barua akiwa kwenye matatu huko Ahero, kompyuta ya mhazini aliyeko Kisumu nayo itaifuta, mara tu itakapoingia mtandaoni. Shika hapo: itakapoingia mtandaoni. Kifaa ambacho hakijagusa mtandao tangu barua ifutwe huenda bado kinayo.

Kwa hiyo usikimbilie kufungua kila simu kuona kama barua ipo. Ukifungua, kifaa kinasawazishwa na seva na nakala ya mwisho inafutika mbele ya macho yako. Mpigie simu kila mwenye akaunti hiyo, mwambie aweke simu yake kwenye hali ya ndegeni na asiguse Wi-Fi. Simu iliyokuwa imezimwa ina hatari zaidi, kwa maana ikiwaka hujiunga na data yenyewe kabla hujaigusa. Toa laini, zima ruta ya nyumbani, ndipo uiwashe. Kompyuta nayo chomoa waya wa mtandao kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha. Ukiikuta barua, piga picha za skrini kuanzia juu hadi mwisho, pamoja na tarehe na anwani ya mtumaji, na unakili maandishi yake mahali pengine. Programu ya Gmail kwenye simu kwa kawaida huweka barua za siku 30 hivi tu, kwa hiyo barua ya mwaka jana usiitafute humo. Kiambatisho kitafunguka ikiwa kilikuwa kimeshapakuliwa. Angalia pia folda ya vilivyopakuliwa: PDF iliyoingia humo ni faili inayojitegemea, na kufutwa kwa barua hakuigusi.

Vifaa vikishatulia, tumia kimoja tu kuangalia seva, na uiangalie kwa kivinjari wala si kwa programu ya simu. Kwenye Gmail anza na Barua Zote kabla ya Tupio. Kutelezesha kidole juu ya barua kwa kawaida huiweka kwenye kumbukumbu, hakuifuti, na watu wengi waliolia wamefuta walikuwa wameihifadhi tu. Andika kwenye sehemu ya kutafutia in:anywhere kisha jina la mtumaji. Neno hilo linalazimisha utafutaji uingie hata Tupio na Taka, ambako utafutaji wa kawaida hauendi. Ukiipata kwenye Tupio, itie alama na uihamishie Kikasha. Kufungua na kusoma hakutoshi. Isipohamishwa, hesabu ya siku zake inaendelea.

Na siku zenyewe si sawa kila mahali. Gmail hukaa na barua kwenye Tupio siku 30. Yahoo ni siku 7, na hapo ndipo watu wengi wenye anwani za zamani huumia. Outlook ya watu binafsi ina hatua ya pili ambayo wengi hawaijui: hata ukishamwaga folda ya zilizofutwa, ifungue kwenye kivinjari na utaona juu yake kiungo cha kurejesha vilivyoondolewa humo, kwa muda wa siku 30. Shule au shirika linalolipia Microsoft 365 lina siku 14 za kurejesha namna hiyo, isipokuwa msimamizi wake ameziongeza, na mwisho wa kuongeza ni 30.

Gmail ya kawaida haina hatua hiyo ya pili. Ukimwaga Tupio kwa mkono wako, basi. Kilichopo ni fomu ya Google kwa mtu ambaye barua zake zilifutwa na aliyeingia kwenye akaunti bila ruhusa. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, badilisha nenosiri kwanza, ndipo uijaze. Lakini anwani ya kazini inayoendeshwa na Google ni habari nyingine kabisa: msimamizi anaweza kurudisha barua kwa siku 25 tangu zilipoondoka kwenye Tupio. Anaingia kwenye ukurasa wa usimamizi, anachagua jina la mtumiaji, kisha kurejesha data, halafu anaweka tarehe za kuanzia na kuishia. Hawezi kuchagua barua moja. Zote za kipindi hicho zinarudi pamoja, kwa hiyo mpe tarehe finyu. Anwani za jina la kampuni zinazokaa kwa mwenye seva za tovuti hutegemea nakala rudufu zake. Mpigie siku hiyo hiyo. Nakala hizo huandikwa juu ya nyingine, na ukingoja wiki, inayobaki inaweza kuwa iliyopigwa barua ikiwa tayari haipo.

Tukae kidogo kwenye kompyuta za ofisi zenye Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, kwa sababu hapo kuna nafasi ambayo hata baadhi ya mafundi huiacha ipite. Programu hii huandika barua zote za folda moja kwenye faili moja ndefu ya maandishi. Ukifuta barua, haichomolewi kwenye faili. Inafichwa tu kwenye orodha, na maneno yake yanabaki mpaka programu ibane folda, yaani iondoe zilizofichwa ili faili lipungue. Tatizo ni kwamba Thunderbird huweza kubana yenyewe ikiona kuna nafasi ya kuokoa, au hukuuliza na karani akakubali bila kusoma. Kwa hiyo, mtandao ukiwa umekatwa, usiifungue kabisa. Nakili folda nzima ya wasifu wake, ile inayoweka barua na mipangilio yake, kwenye flashi, kisha ufanye kazi juu ya nakala hiyo. Ndani ya ImapMail kuna folda yenye jina la seva, na humo faili INBOX isiyo na herufi za mwisho. Ile yenye .msf ni orodha tu, iache. Ichukue INBOX, ibadilishe jina, tuseme OKOA, na uiweke kwenye Mail, ndani ya Local Folders. Ifungue kwa kihariri cha maandishi matupu, kamwe si kwa Word, na utafute mstari wa X-Mozilla-Status ulio juu ya barua unayoitaka. Ukisoma 0009, maana yake ni 1 ya kusomwa ukijumlisha 8 ya kufutwa. Andika 0001, tarakimu zibaki nne, uhifadhi. Ukiiwasha Thunderbird kwa wasifu huo bila mtandao, folda OKOA itatokea na barua itakuwa humo. Kama kompyuta ilikuwa imewekwa ipakue vichwa vya barua tu, hakuna utakachokuta zaidi ya vichwa, na hilo utalijua kwa ukubwa wa faili kabla hujapoteza muda.

Sasa zile programu za kufufua. Hufufua faili zilizofutwa kwenye diski ya mashine iliyo mbele yako. Barua iliyokuwa ikikaa kwenye seva na kusomwa kwa kivinjari haikuwahi kuwa faili kwenye diski hiyo, kwa hiyo unalipia kutafuta kitu mahali ambapo hakikuwekwa. Mbaya zaidi, ukiisakinisha kwenye diski ile ile yenye wasifu wa Thunderbird, unaweza kuandika juu ya data uliyotaka kuiokoa. Anayekuomba nenosiri lako ili "aingie kwa nyuma" kwenye seva za Google, mkatalie. Hakuna mlango wa nyuma, na Tupio unaweza kulifungua mwenyewe.

Wakati mwingine njia fupi ni kuacha kutafuta. Aliyekutumia barua ana nakala kwenye zilizotumwa zake, kwa hiyo mwombe aitume tena. Na cheti cha PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, hakihitaji barua pepe ya zamani hata kidogo: kinachapishwa upya ndani ya tovuti yake ya iTax.

Tumeona pia chanzo kikubwa cha ufutaji huu, nacho ni ile ilani ya nafasi kujaa. GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya barua, picha na faili za Drive. Mtu anafuta barua elfu tatu za maandishi, anapata nafasi ndogo mno, kumbe video za harusi ndizo zilizojaza. Andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia, utaona barua zinazozidi MB 10, ufute hizo baada ya kuhifadhi viambatisho. Kabla ya usafi wowote mkubwa, omba nakala ya barua zako kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako. Itakuja kama faili ya mbox, inayobeba barua nyingi pamoja, weka kwenye diski ya nje.

Ombi letu kwa shule, vyama na makanisa kuanzia Nakuru hadi Busia: acheni kugawana nenosiri moja kwenye simu za watu wanne. Mmoja akisafisha simu yake amewasafishia wote, na hakuna atakayejua ni nani. Gmail inaruhusu mwenye akaunti kumpa mwingine idhini ya kusoma na kujibu akiwa kwenye akaunti yake huyo mwingine, bila kumpa nenosiri. Na andikeni mahali msimamizi wa akaunti zenu ni nani, maana karani akiondoka kazini na akaunti yake ya kazi ya Google ikafutwa siku hiyo, mna siku 20 tu za kuirudisha pamoja na barua zake, na zikipita hata msimamizi hana la kufanya.

Mafundi wa kompyuta,
Nakuru