Mwanangu, Usiuze Shamba la Juu

Mwanangu,

Huku Makete tu wazima, ila baridi ya Julai imetukamata. Wiki hii jalidi imeshuka bondeni ikaunguza viazi vya jirani kwenye vinyungu, zile bustani za majimaji. Vyetu vimesalimika.

Baba yako mdogo ameniambia kuna mtu amekufuata Kariakoo anataka lile shamba la juu apande miti ya misindano, bei mmeshapatana, bado kutia sahihi tu. Usitie, baba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatisha.

Nasikia umemjibu baba yako mdogo kwamba milimani hakukaliki, ndiyo maana hakuna watu. Wewe si unafika Moshi kufuata mzigo? Uchagani si mlimani? Na Rungwe hapo jirani, migomba imefika mpaka ukutani mwa nyumba. Rwanda nchi nzima ni vilima, na watu wamejaa. Tofauti ni kimo na kinachoota. Kule Uchagani na Rungwe udongo ni wa volkano, mgomba na kahawa vinakubali, hivyo familia inaishi kwenye kipande kidogo. Kwetu tuko juu ya mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Mahindi unayapanda Novemba unayavuna Agosti. Nyumba moja inahitaji mashamba mengi ili ishibe, kwa hiyo nyumba zinakaa mbalimbali. Zikikaa mbalimbali, barabara inachelewa, zahanati inachelewa, mwalimu akipangiwa huku anaomba uhamisho. Kabla ya lami, barabara ilipoharibika masika, viazi ulimwachia mwenye fuso kwa lumbesa, gunia la kupita kipimo, aliyoitaka yeye. Kijana aliyevuna akaona hivyo misimu miwili, wa tatu hayupo.

Na kuondoka hakukuanza na ninyi. Babu yako alikwenda kwa miguu mpaka Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, wajomba zako wakaenda kwenye chai Mufindi. Ya ule ugonjwa wa UKIMWI sikuelezi, unayajua. Sensa ya 2002 wilaya yetu ilikuwa na watu zaidi ya 105,000, ya 2012 ikakuta 97,000 na kidogo, wakati nchi nzima imeongezeka kutoka milioni 34 mpaka karibu 45. Sisi tukapungua. Na sisi wazazi kila asubuhi tuliwaambia someni mtoke huku. Mlisikia.

Sisemi urudi ulime. Duka ulilojenga kwa jasho lako linanipa heshima mpaka kanisani, na bati nililolalia chini yake ni lako. Lakini mjukuu wangu anakwenda darasa la kwanza na hajalala hapa hata usiku mmoja. Hilo linaniuma na nitaendelea kulisema.

Sasa fikiri kuhusu misindano. Shamba la viazi linataka watu, wa kulima, wa palizi, wa kuvuna, wa kubeba, na mama wa kuwapikia. Miti ikishashika, mwenyewe anakaa Dar anasubiri zaidi ya miaka 10, na mtu mmoja wa kuangalia moto anamtosha. Kitongoji cha ng'ambo waliuza vipande vyao kimoja kimoja. Hakuna aliyewafukuza, kila mmoja aliona mwenzake ameondoka akasema na mimi nibaki na nani. Leo milango imefungwa, miti imefika uani, na watoto waliobaki wanavuka mto peke yao kwenda shule. Ukiuza wewe, jirani yetu wa juu naye atauza, ameshaniambia. Lami ya kutoka Njombe, tuliyoisubiri tangu sijaolewa, imeshatufikia, gari la viazi halilali tena njiani. Huu ndio mwaka wa kuuza?

Hati ya kimila ina jina lako peke yako. Baba yako alitaka hivyo, nami nilinyamaza. Kwa hiyo siwezi kukuzuia, naweza kukuomba tu.

Kama ni kodi ya duka imekubana, niambie kiasi. Nguruwe wawili wameshafikia kuuzwa. Shamba unaweza kulikodisha kwa msimu, kuna vijana watatu wa hapa kijijini wanatafuta pa kupanda viazi, na mmoja ameoa juzi. Wakikosa hapa watakwenda Makambako. Andikiana nao mbele ya mwenyekiti, hela utaipata na shamba litabaki lako. Huyo mnunuzi mwambie mama amekataa. Mimi nitabeba lawama.

Nimekutumia magunia matatu ya viazi, yatashushwa Mabibo Alhamisi. Nauli na ushushaji nimeshalipa, asikutoze mtu. Gunia lenye kamba nyekundu lina maharage ya mama Tumaini juu, asilimwage kwa pupa. Kikohozi chake kikiendelea aende hospitali, asinywe dawa za kununua njiani. Na lile blanketi zito uliloahidi Pasaka, nipe jibu kama linakuja au ninunue Njombe.

Jumapili baada ya ibada nitakupigia. Pokea mwenyewe, usimpe mama Tumaini simu, na uwe na jibu la shamba.

Mama yako