Wahandisi wa Remagen si wa tumbo moja

Mhariri,

Makala za daraja la Remagen, lile la mto Rhine huko Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, hurudia kosa lilelile: batalioni za wahandisi wa medani wa Marekani huandikwa kama ndugu kwa sababu tu zilikuwa na kamanda mmoja.

Desemba 1944 huko Ardennes, eneo la misitu la Ubelgiji, Batalioni ya 51 na ya 291 zote zilikuwa chini ya Kundi la 1111 la Wahandisi. Machi 1945 zote mbili zikatandika madaraja ya kuelea juu ya mto Rhine. Nasaba zao, hata hivyo, ni mbali. Mwaka 1943 jeshi lilizipasua rejimenti za wahandisi: makao makuu yakawa kundi, na kila batalioni ikapewa namba yake, ili kundi lipokee au liachie batalioni kadiri ya kazi iliyopo. Rejimenti ya 51 ilizaa Kundi la 1111, Batalioni ya 51 na ya 238. Ya 291 ilikuwa batalioni ya pili ya Rejimenti ya 82. Kwa 1111, basi, 291 ilikuwa mpangaji tu, wala si mtoto wa nyumba.

Anayefuatilia nasaba aanze na jina la mwisho la kikosi, arudi nyuma, na achunge vitenzi. Kikosi "kikiundwa", jina limeingia kwenye orodha ya jeshi, hata kama hakina askari hata mmoja. "Kikianzishwa" kimepata watu na zana. "Kikisimamishwa" watu wametawanywa lakini jina limebaki. "Kikivunjwa" jina lenyewe limefutwa. Wafasiri wetu huandika "kuvunjwa" kwa haya mawili ya mwisho, na hapo ndipo msomaji hupoteza uzi, maana kikosi kilichosimamishwa huweza kuamka miaka kadhaa baadaye na heshima zake zote, yaani tuzo na sifa zake za vita.

Heshima nazo zina kanuni. Zilizopatikana kabla ya rejimenti kupasuliwa hurithiwa na watoto wote. Za baadaye ni za aliyezipigania. Tuzo ya 291 kwa mapigano ya Ardennes haiendi kwa Batalioni ya 82, ndugu yake wa Rejimenti ya 82.

Tahadhari ya mwisho ni ripoti za kila siku za vita. Hizo huonyesha kikosi kimeambatishwa kwa nani wiki hiyo. Zinafaa kwa kufuata mapigano. Kwa nasaba, tafuta cheti cha nasaba na heshima kinachotolewa na kituo cha historia cha jeshi lao.

Mfuatiliaji wa historia ya jeshi,
Morogoro