Barua ya wazi kwa Bwana Meya wa Lubumbashi: asidi ya betri haifai kwenye sakafu ya betoni

Bwana Meya,

Salamu zetu, mafundi wa sakafu na rangi. Masharti ya kazi yakisema tu "sakafu ioshwe kwa asidi" kabla ya rangi ya epoksi (rangi ngumu ya sakafu), fundi ataleta iliyo karibu. Katika mji huu wa shaba, iliyo karibu ni asidi ya salfuriki, ile ya betri na ya viwanda vya shaba.

Salfuriki ikikutana na chokaa iliyomo kwenye betoni inazaa jasi. Jasi haiyeyuki vizuri majini: inabaki juu kama unga, inaziba vitundu ambavyo rangi ingeshika. Siku ya kupokea kazi kila kitu kinang'aa. Baadaye unaingiza kucha pembeni, rangi inainuka kama ganda, na mgongoni mwake ni mweupe.

Tunaomba iandikwe: asidi ya hidrokloriki. Penye milango ya chuma au mabati karibu, asidi ya fosforiki, kwa sababu mvuke wa hidrokloriki unakula chuma hata bila kukigusa. Vyuma vya betoni vikiwa wazi, asidi isitumike kabisa, mashine ya kusaga itoshe.

Betoni iwe imetimiza siku 28. Mafuta yatolewe kwanza kwa sabuni kali, maana asidi haiyagusi. Sakafu iloweshwe bila kuacha madimbwi. Kwenye ndoo ya plastiki yanatangulia maji lita 3, ndipo asidi ya asilimia 30 hivi, lita 1. Ukigeuza mpangilio huo, mchanganyiko unaweza kuchemka na kumrukia fundi machoni. Lita hizo 4 zinatosha kama meta 5 za mraba. Povu lisipotoka, kuna nta au mafuta juu. Kuongeza asidi hapo ni kumwaga pesa. Dakika 5 hadi 10 za kusugua, isikaukie sakafuni. (Na Javel, dawa ya kung'arisha nguo, ikae mbali: ikichanganyika na asidi inatoa klorini, gesi ya sumu.)

Kwenye kusuuza ndipo wengi wanapokimbia. Suuza, mwaga maji yenye magadi soda, suuza tena, hadi karatasi ya pH (ya kupimia asidi) isome sawa na maji safi mliyotumia. Maji machafu yatulizwe kwa chokaa kabla ya kufika mferejini.

Mkaguzi wako apitishe kiganja: asikie msasa laini. Adondoshe maji: yakisimama kama shanga, kazi irudiwe. Halafu abandike plastiki ya sentimeta 45 kwa 45 kwa saa 16. Ikitoa jasho kwa chini, rangi ingoje. Wakati wa mvua kungoja huko ni kurefu, na tarehe ya mkataba ilijue hilo.

Bidoni ya asidi ikija bila karatasi ya jina, ipimwe kwa mizani. Lita moja ya hidrokloriki ya asilimia 33 ni gramu 1,160 hivi, nayo inachoma pua. Salfuriki ya betri ni karibu 1,280, ile nzito ya kiwandani 1,840, na zote mbili hazina harufu kali. Uzito wa lita ukifika huko, bidoni irudishwe kwenye gari.

Mafundi wa sakafu na rangi, Lubumbashi