Risala kwa Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Maonyesho ya Picha za Mwenzetu, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu mliotoka Newala na Mikindani, wazazi na wasanii wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakukaribisha Mtwara kwa furaha kubwa. Kikundi chetu kina wachoraji 14, na wengi wetu mchana tunaandika vibao vya maduka na kupaka rangi bajaji. Leo tumekuita kwa ajili ya mmoja wetu, binti wa miaka 24, anayeonyesha kazi zake kwa mara ya kwanza. Picha zipo 12, na zote zina uso mmoja, wa bibi yake mzaa mama.

Bibi huyo alikuwa Mmakonde wa zamani, mwenye chale mashavuni na ndonya, lile pambo la kuchomekwa tunduni, kwenye mdomo wa juu. Alifariki bila kupigwa picha hata moja. Akipanda basi kuja mjini alijifunika kanga mdomoni, maana watu walimkodolea macho. Mjukuu naye, anakiri mwenyewe, aliwahi kumwomba bibi asimfikishe getini mwa shule. Picha ile kubwa iliyo nyuma yako, Mheshimiwa, ndiyo asubuhi ile: bibi amesimama chini ya mkorosho, mtoto anakwenda bila kugeuka.

Picha ya kwanza kabisa aliichora bila ndonya. Alipoipeleka kijijini, shoga wa bibi yake aliitazama muda mrefu, akasema, "Huyu simjui." Kisha akamshika mkono, akamgusisha mdomo wake mwenyewe pale penye tundu, laini kama ndewe ya sikio. Binti akarudi, akaanza upya.

Tunakuomba uzisogelee picha hizi. Chale zile hazikuchorwa kwa brashi. Anapaka rangi nyeusi kwenye silingibodi, ikikauka anaifunika kwa rangi ya udongo, na hiyo ingali mbichi anaichanja kwa msumari mpaka weusi wa chini utokeze. Mkono ukiteleza, hakuna kufuta. Hapo ametuzidi sote.

Waliotutangulia tunawakumbuka. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za dukani kama hizi zetu, na kufikia 1972 alikuwa ameshafariki. George Lilanga wa Masasi, aliyefariki 2005, aliwachukua mashetani wa vinyago vya Kimakonde akawatia rangi. Kazi zao zimesambaa ng'ambo, na mtoto wa huku kwetu hana pa karibu pa kuziona.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Rangi imepanda bei na kibanda chetu kinavuja, lakini hayo tutahangaika nayo wenyewe. Tusemee kwa halmashauri tupatiwe chumba kimoja kikavu, chenye kufuli, picha hizi zikae hapa hapa. Wanunuzi wameshaanza kuulizia ile ya mkorosho. Mwenzetu amekataa kuiuza; mpaka jana ilikuwa ikilala chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye kanga ya bibi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utepe uko tayari. Yule mama wa kijijini yupo mstari wa mbele, na ameomba akutembeze yeye mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.