Vijana, muache kukopi barua za kuomba kazi ya hoteli

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu maana hii jambo inaniuma kabisa. Niko mama wa hapa Goma, Himbi, kazi ya hoteli nilianzia kwenye kufua mashuka nikapanda mpaka resepsioni, na sasa njo mimi nasoma barua za vijana wanaoomba kazi kwetu, hoteli moja kubwa ya pembeni ya ziwa. Mwezi uliopita tulitafuta watu wawili tu, barua zikajaa karto nzima, na karibu zote ni barua moja! "J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance", ni kusema nina heshima ya kuja mbele ya wema wenu mkubwa, kila moja inaanzia hapo, maana kijana anapita kwenye mashini ya fotokopi, mwenye mashini anafungua modeli yake ya zamani, anabadilisha jina na tarehe, anachukua feza yake, basi. Na modeli yenyewe ilitengenezwa ju ya kuomba kazi kwenye ONG, yale mashirika ya misaada, njo maana mtu anayetaka kubeba sahani ananiandikia kwamba amezoea kazi ya tereni na atasaidia shirika letu kufikia malengo. Mwingine aliacha jina la hoteli nyingine kabisa. Mkurugenzi wetu ni mama, barua zinamuita Monsieur.

Inaniuma sababu hawa watoto kazi wanaijua. Kwenye ile karto kulikuwa barua ya binti mmoja, ukurasa mmoja tu, akasema amekomalia kwenye malewa, ule mgahawa mdogo, ya shangazi yake, na bila kuuliza alikuwa anajua nani anapenda sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zikauke sana na nani daktari amemkataza chumvi, ya huyo alikuwa anaipika pembeni kabla hajafika. Nilisoma mara mbili, nikampelekea mkurugenzi palepale, na huyo binti tulimchukua.

Watu wanafikiri luksi ni marumaru na mataa. César Ritz, mwenye jina la ile hoteli iliyofunguliwa Paris mwaka 1898, alikuwa mtoto wa wakulima wa Niederwald, kijiji cha Uswisi, na alisifika kwa kukumbuka mazoea ya kila mgeni. Kampuni ya mahoteli ya Ritz-Carlton mpaka leo imeandika kwenye kanuni zake kwamba watatimiza hata haja ambayo mgeni hajaitamka. Sasa hiyo si ni ile chumvi ya malewa?

Kwa hiyo vijana wangu, muulize jina la mkurugenzi hata kwa sentineli pale kwenye poti, atawaambia. Useme ulishahudumia nani, wapi, ulifanya nini kabisa. Kiingereza chako kama ni cha kuonyesha mgeni chumba tu, andika hivyo, maana siku ya enterviu tutaongea nacho, na Lingala usiifiche, mgeni wa Kinshasa akiisikia anatulia. Kusifu hoteli mistari kumi hakuna faida. Shida za nyumbani wote tunazo, pole sana, lakini hiyo siyo barua yake.

Na nyie wenye mashini za fotokopi, nawaomba sana, hiyo modeli muifute. Mtoto akija, mumuulize kwanza alishamhudumia nani, na ile atakayojibu njo mupige.

Mama wa resepsioni,
Himbi, Goma