Kaka, mawe yale hayakuwa ya baba kutuachia

Shikamoo kaka. Maharage uliyompa mama aniletee yamefika, ahsante sana, tumeyala. Lakini siku ile ya lori bado imenikaa kooni.

Matanga ya baba hayajaanuliwa, wewe umewapandisha vijana na mitaimbo hadi kwenye kuta za juu, kwenye magofu ya kale ya Engaruka. Kuta zimepangwa jiwe juu ya jiwe, hakuna saruji wala udongo. Waling'oa moja la chini, upande mzima ukaporomoka, vumbi likatufunika. Ukasema, "Mawe ni mawe, nataka msingi." Neno hilo, kaka, siwezi kulisamehe, maana nani alinifundisha mimi kuyatazama mawe hayo kama si wewe?

Wewe ndiye ulinitembeza nikiwa mdogo. Vijiji saba vimeshikana na mteremko wa Bonde la Ufa, na chini yake mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, kilomita za mraba 20 hivi, maji yakiletwa kwa mifereji kutoka mito ya mlimani. Watu wa vijiji hivyo walilima mtama Engaruka tangu karne ya 15, wakahama karne ya 18. Msafiri Mjerumani Gustav Fischer alipopita 1883 alikuta magofu. Mwanaakiolojia Louis Leakey akaja kuchimba 1935. Wapo wanaosema walikuwa mababu wa Wasonjo, wengine wanawataja Wairaqw, na ubishi haujaisha. Ushahidi uliobaki ndio huo unaoupakia kwenye lori!

Ukitaka mawe ya msingi, shuka korongoni, kila masika yanajaa. Kuta ziache. Sheria ya Mambo ya Kale, inayolinda magofu kama haya, ipo tangu 1964, na hata isingekuwepo, mzee asingekubali.

Ndiyo, mimi ndiye niliyekwenda kwa mwenyekiti. Shangazi anasema nimemuuza ndugu yangu msibani. Nilikuvuta pembeni kwanza, ukacheka. Nikakusihi mbele ya mama, ukaondoka. Ningenyamaza, lori lingerudi kesho yake, na keshokutwa wangekuja wengine wakisema hata fulani alichukua. Ningefanya nini kingine? Hebu niambie.

Lile rundo nyuma ya nyumba yako usilijengee banda la mbuzi. Na mwanao ameniomba nimpeleke juu akaone mifereji. Nitampeleka Jumamosi, tusemezane au tusisemezane. Mvalishe viatu, kuna miiba.