Mwashi si kila fundi ujenzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitetee neno moja. Kila linapoandika habari za ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, gazeti huwataja "mafundi ujenzi", ilhali wale wanaoshika mwiko na timazi ukutani wana jina lao, nao ni waashi.

Jina hilo limetokana na kitenzi kuaka, yaani kujenga kwa mawe, kama mpishi alivyotokana na kupika na mwandishi na kuandika. Kitenzi chenyewe ni nadra kusikika siku hizi, lakini mzao wake angali hai, maana hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, hufundisha fani ya uashi kwa jina hilohilo.

Nimeijua tofauti hii kwa gharama. Nyumba yetu ya urithi ilipoanza kumomonyoka, nilimwita fundi ujenzi, hodari kweli wa matofali ya saruji, akaupiga ukuta lipu ya saruji ukang'aa. Haikupita masika ya pili lipu ikatuna, ikaanguka vipande vipana kama sinia. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani vikiula taratibu.

Mwashi mzee niliyemwita baadaye hakuchanganya kitu siku ya kwanza. Aligongagonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio, na kila palipolia kama debe tupu akapazungushia alama ya mkaa. Kisha alibandua saruji yote, akajaza mianya kwa vijiwe alivyovichagua kimoja kimoja na kuvikandamiza katika chokaa iliyolowekwa muda mrefu, akauacha ukuta ukauke kabla ya kuupaka tena. Nilinung'unikia siku zile za kungoja, nikidhani ananilia fedha.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kwa maoni yangu kuta hizo ndizo sehemu kubwa ya urithi wenyewe. Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, waandishi wako wanapokuta mtu juu ya dungu akipanga mawe kwa chokaa, wamwandike mwashi, na wamuulize chokaa yake imelowekwa tangu lini.

Msomaji wako,
Unguja